Paja Lililomsubiri Mkuu

Naandika maelezo haya kwa hiari yangu mwenyewe, kama nilivyoamriwa. Nimepewa karatasi kumi, kalamu moja na askari mmoja wa kunitazama nisikosee. Jina langu ni Makame Tindwa, meneja wa Jengo la Watukufu na Wengineo, lenye ghorofa tatu na milango kumi na miwili. Nchi yenyewe siitaji, kwa sababu kuitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwaka juzi kwa kukosa kibali. Nashtakiwa kwa jambo la nyama. Wewe unayesoma, ukiwa hakimu au ukiwa mtu tu, nakuomba uwe umeshakula na chakula kimeshatulia tumboni.

Mpangaji wa mlango wa tisa, ghorofa ya tatu, alikuwa Mheshimiwa Lwambano, Naibu Waziri mstaafu wa Makaribisho. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kusimama uwanja wa ndege akitabasamu. Siku aliyostaafu, Mkuu wa Nchi alimkabidhi paja zima la ng'ombe lililofungwa utepe wa rangi za taifa, akamshika bega mbele ya kamera na kumwambia, "Nitakuja kwako tulile pamoja." Watu wakapiga makofi dakika kumi na moja. Mkuu akapanda gari, akaenda kumwahidi mtu mwingine.

Kwetu, asiyejua na ajue, nyama ya mgeni haifichwi. Hutundikwa mlangoni kwenye ndoano, ili mgeni akitokea aione kabla hajabisha hodi, ajue kwamba anangojwa. Na hadi mgeni aonje, hakuna wa kuishusha; siku hizi hata sheria imeandikwa, na kifungo chake kipo. Ni desturi nzuri. Wazee walioianzisha walikuwa na akili zao: mgeni wao alitoka kijiji cha pili kwa miguu, akafika kabla jua halijawa kali. Hawakuwahi kumngoja mtu mwenye msafara wa magari arobaini.

Basi Mheshimiwa akapigilia ndoano juu ya mlango wake, kwenye korido inayotumiwa na milango minne, akalitundika paja. Chini yake akatega beseni la bluu. Siku ya kwanza nilipita nikampongeza. Siku ya pili nilipita nikamsalimu. Siku ya nne nikaanza kupita mbio.

*

Siku ya sita nilipanda kuongea naye kama meneja. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kando ya paja, suti nyeusi, tai imekazwa, usinga mkononi, anafukuza nzi. Nikamwomba kwa heshima zote alikaushe. Hata kwa moshi kidogo, nikasema, au hata kwa chumvi.

Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Kulikausha, akanifafanulia, ni kutangaza kwamba mgeni atachelewa. Kulitia chumvi ni kusema hatakuja wiki hii. Na kuliweka kwenye friji, neno ambalo lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wangu, ni kusema hadharani kwamba Mkuu ni mwongo.

"Sasa, Bwana Makame," akaniuliza kwa upole, "katika hayo matatu, ni lipi niandike kwamba umenishauri wewe?"

Nikamwambia mimi nilipita tu kuangalia taa ya korido. Taa ilikuwa nzima. Nikaishukuru taa, nikashuka.

*

Sasa niseme ukweli kuhusu lile paja, maana nimeapishwa. Siku ya nane lilikuwa limegeuka rangi ya maji ya mtaro. Siku ya kumi likaanza kudondosha, wala si damu. Lilidondosha ute mzito wa manjano, tone moja moja, na kila tone likianguka kwenye beseni lilisikika mpaka ghorofa ya pili. Nzi wadogo walikimbia wakawaachia nafasi wale wakubwa wa kijani. Funza walianguka ndani ya beseni, wengine wakaanguka nje, na hao wa nje wakaanza kutembea kwenye korido kama wapangaji waliokuja kuangalia chumba. Siku ya kumi na moja niliwakuta wakishuka ngazi.

Harufu yenyewe haikukaa mahali pamoja. Iliingia kwenye chai, ikaingia kwenye mito, ikakaa kwenye nguo zilizoanikwa uani, na asubuhi moja nikaikuta kwenye ndevu zangu baada ya kuoga. Nilitapika mara mbili kwenye ndoo ya deki. Mtu aliyesoma angetafuta neno la kistaarabu. Mimi nasema nilichukizwa. Nililichukia paja, nikaichukia ndoano, nikalichukia beseni, nikamchukia hata ng'ombe mwenyewe, ambaye kwa kweli hakuwa na kosa.

Na bado ningevumilia, maana katika nchi hii nimevumilia mengi na mwili umezoea. Lakini mkabala na mlango wa tisa, hatua tatu tu, upo mlango wa kumi. Humo alikaa Saumu, mwalimu wa chekechea, aliyejifungua mtoto wa kiume wiki moja kabla paja halijaletwa. Mumewe yuko kazini mpakani. Alikuwa ndani ya arobaini, hatoki, anatunzwa na mama mkwe wake, Bi Tabu, aliyempikia uji wa pilipili manga asubuhi na supu mchana. Bi Tabu alikuwa ameniambia ngazini kwamba chakula hakishuki. Kila Saumu akisogeza kijiko mdomoni, ile harufu hufika kabla ya kijiko, na alichokwisha kumeza hukirudisha. Maziwa ya kopo yalinunuliwa, mtoto akayakataa yote.

Siku ya kumi na mbili Saumu mwenyewe aliniita. Aliufungua mlango upana wa kiganja, nikaona jicho moja na shavu lililobonyea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, maziwa yanakauka. Mtoto ananyonya hewa, halafu analia. Sikuombi uniambie kama hilo jambo hapo nje ni baya au ni zuri. Nakuomba uliondoe."

Nikamwambia kabla ya Ijumaa litakuwa limeondoka. Nilipofika ngazini ndipo nikajisikia nilivyosema. Nilikuwa nimeahidi kwa sauti ileile ya Mkuu.

*

Fikira ya kwanza ilikuwa kumhamishia Saumu kwangu chini. Nikafungua Mwongozo wa Jengo, nikakuta kwamba mpangaji haruhusiwi kuhama mlango kwa sababu ya harufu ambayo haijathibitishwa na Halmashauri. Nikaenda Halmashauri ya Majengo kuomba fomu ya malalamiko. Ni fomu nzuri, karatasi yake nene. Swali la tatu linasema: harufu inayolalamikiwa ni ya kupendeza, ya kupendeza sana, au ya kupendeza hadi mlalamikaji ameshindwa kustahimili? Nikatia alama kwenye jibu la mwisho.

Kamati ya watu watano ilikuja siku ya kumi na tano, ikiongozwa na Bwana Afya wa wilaya. Kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza mjumbe mmoja alizimia, ikaandikwa kwamba amezidiwa na furaha. Wengine walipanda wamebana pua kwa leso. Walipofika juu wakauona ule utepe wa taifa. Bwana Afya akaitoa leso puani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Wenzake nao wakakunja zao.

Akasimama mbele ya paja, akavuta pumzi ndefu kwa mianzi yote miwili ya pua. Machozi yalimtoka. Akamgeukia karani, akatamka, neno kwa neno:

"Kamati imejiridhisha kwamba hewa ya ghorofa ya tatu ina utajiri usiopatikana katika jengo lingine lolote la wilaya hii. Imebainika vilevile kuwapo kwa mifugo midogo midogo, myeupe, yenye afya njema, ishara ya baraka. Kamati inasikitishwa na ubinafsi wa baadhi ya wapangaji wanaofunga milango yao, na inaagiza milango yote ibaki wazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua kuzama, ili neema imfikie kila mwananchi."

Wakati akisema hayo, funza mmoja alikuwa amepanda kiatu chake na anaelekea kwenye soksi. Alimwona. Sote tulimwona. Hakumpangusa.

Karani akauendea mlango wa kumi, akausukuma, akauwekea tofali. Saumu alikuwa kitandani na mtoto kifuani, kanga imemfunika kichwa. Kisha wajumbe wakatia sahihi mmoja mmoja, na mwishowe kalamu ikaletwa kwangu kama shahidi. Nikatia. Sahihi yangu iko pale, imenyooka, haikutetemeka hata kidogo. Saumu aliniona nikiitia. Nimetazamwa na watu wengi wenye vyeo katika maisha yangu, na hakuna aliyenifanya nijione mchafu kama yule binti aliyekuwa hana hata nguvu ya kukunja uso.

*

Akili ni nywele, na zangu zimebaki chache, lakini nilizitumia. Nikawaza hivi: ikiwa ubaya wa kitu hauwezi kusemwa, basi uzuri wake usemwe mpaka kichukuliwe. Nikaandika barua kwa Ofisi ya Ahadi, ile inayotunza ahadi zote za Mkuu. Huzitunza vizuri sana, kwenye makabati ya chuma, na hazijawahi kutolewa nje zikachakaa. Nikaeleza kwamba korido yetu ni nyembamba, rangi imebabuka, haistahili kubeba heshima kubwa namna ile, na nikaomba paja lihamishiwe Ikulu au Makumbusho ya Taifa. Na ili wasidhani ninalikimbia, nikaongeza maneno haya: "Harufu yake humwamsha mgonjwa. Naapa, laiti ningekuwa na haki hiyo, ningelila hapo hapo lilipo, bila hata chumvi."

Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Mimi kilichoniponza ni kalamu.

Siku ya ishirini na moja, saa nne asubuhi, magari matatu yalisimama nje. Nikashuka mbio kuyapokea, nikidhani yamekuja kubeba. Alishuka Katibu wa Ahadi, Bwana Kasembe, mtu mnene mwenye sauti ya mimbari, akiwa na mpiga picha, askari wanne, na mpishi aliyebeba jiko la mkaa. Nilipoliona lile jiko, miguu yangu ilielewa kabla ya kichwa.

Tulipofika juu, Bwana Kasembe alikohoa, akatoa hotuba. Alisema Mkuu havunji ahadi. Alisema Mkuu ameahidi kula nyumbani kwa wananchi elfu nne mia tatu na saba, naye, pamoja na ukuu wake wote, ana kinywa kimoja. Kwa hiyo sheria mpya imeruhusu ahadi za kula zitimizwe kwa kinywa cha kaimu. Kaimu huyo awe mwananchi mwenye hamu ya kweli. Kisha akaifunua barua yangu, akaisoma mbele ya kamera, na alipofika pale kwenye "bila hata chumvi" akapunguza mwendo.

"Nchi hii ina watu wengi wanaosifu," akasema, akinishika bega. "Lakini wewe peke yako ndiye uliyeapa. Kaimu Mkuu wa Nchi kwa Shughuli ya Kula, karibu kiti."

Nikauliza, kwa adabu, itakuwaje kama kaimu hajisikii njaa. Akaniambia hakuna atakayelazimishwa. Paja litabaki tu mahali pake, likimsubiri Mkuu mwenyewe, ambaye nafasi yake ya karibu ni mwaka wa kesho kutwa, mwezi wa nane. Nikageuka nikautazama mlango wa kumi, uliokuwa wazi kwa tofali la serikali. Yule mtoto alikuwa analia, lakini kilio chenyewe kilikuwa kimebaki mlio mdogo, wa bawaba isiyotiwa mafuta. Bi Tabu alikuwa anampepea, macho yake kwangu.

Nikakaa.

Mpishi alikata vipande sita, vitatu vyangu na vitatu vya mwenyeji, akavipasha juu ya makaa. Mimi nilidhani nimeshaijua ile harufu. Moto ukanionyesha kwamba nilikuwa sijaanza. Askari mmoja akashika ukuta. Mheshimiwa Lwambano aliketi kando yangu, sahani mapajani, tai imekazwa, akaniinamia kama anayeniombea dua.

"Unadhani mimi sina pua, Makame?" alininong'oneza. "Kila siku nimetapika bafuni, bomba nikilifungulia lisisikike. Lakini angekuja akakuta nimelishusha, mimi ningebaki nani?"

Ndipo nikatambua kwamba wiki zote tatu nilikuwa nagombana na mtu aliyekuwa anaogopa kuliko mimi. Haikunipunguzia kinyaa, ila nilimsogezea glasi ya maji.

Nikala. Kipande cha kwanza kilivunjika ulimini bila kutafunwa, kama ugali uliolala kwenye maji. Cha pili kilikuwa na kitu kilichojongea, au labda lilikuwa ni koromeo langu linalokataa. Cha tatu nilikimeza nikiwa nimekaza macho kwenye lile tofali. Mheshimiwa naye alikula vyake, machozi yakimdondokea kwenye tai. Bwana Kasembe akauleta mkono wake wenye pete karibu na mdomo wangu, kama kipaza sauti, akaniambia wananchi wangependa kujua Mkuu ameuonaje utamu wake.

"Mkuu ameshiba," nikasema.

Wakapiga makofi. Paja likashushwa, likavingirishwa kwenye bendera, likapelekwa kuzikwa kwa heshima pamoja na beseni lake. Mimi na Mheshimiwa tukapelekwa hospitali kwa gari lilelile, tukalazwa vitanda jirani, na kwa siku nne tukatoa kwa njia zote mbili kila tulichokuwa nacho na vingine ambavyo sikujua tunavyo. Kwenye faili zetu daktari aliandika: shibe.

*

Niliporudi, korido ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na sabuni. Bi Tabu alinieleza kwamba Saumu ameanza kula uji. Maziwa yanatoka, lakini kidogo. Mwili umekauka, unataka supu ya nyama hasa, na hali zao hazikuruhusu. Nikamwambia angalau hewa imerudi, mengine yatakuja.

Yalikuja kesho yake. Saa tatu asubuhi wakashuka vijana wawili wa Ofisi ya Ahadi, mmoja na nyundo, mwingine na paja la ng'ombe. Lilikuwa jipya, jekundu, mafuta meupe, utepe umefungwa vizuri. Wakapigilia ndoano juu ya mlango wangu, pale pale kwenye lango la jengo ambapo kila mtu hupita, wakalitundika, wakatega beseni jipya, la kijani mara hii. Wakanipa kadi yenye mhuri wa dhahabu. Iliandikwa: "Kwa Kaimu wangu mpendwa, uliyeonyesha taifa namna ya kula. Nitakuja kwako tulile pamoja."

Nikatia sahihi ya kupokea. Wakaondoka.

Bi Tabu alikuwa anashuka na sufuria kwenda bombani. Akaliona paja. Akaiona ndoano. Akaliweka sufuria chini taratibu kwenye ngazi ya mwisho, akakaa kando yake kama mtu aliyefika msibani. Nzi wa kwanza alikuwa ameshatua, mmoja, mdogo, anasugua mikono.

Nilimtazama yule nzi kwa muda. Nikahesabu: siku ya nane rangi ya mtaro, siku ya kumi matone, siku ya kumi na moja ngazini. Nikaisikia tena mdomoni ladha ya kile kipande cha tatu. Kisha nikapanda juu ya beseni, nililoligeuza kuwa kigoda, nikalishusha paja.

"Bi Tabu," nikasema, "niazime hilo sufuria."

Nilipika uani, mchana kweupe, mbele ya milango kumi na miwili. Nilitia tangawizi, vitunguu saumu, pilipili manga, ndimu mwishoni, na chumvi. Chumvi nilitia kwa makusudi, wote wakiona. Ilipoanza kuchemka madirisha yakafunguka moja baada ya jingine. Watu wakatoka na bakuli, hawaulizi, wanasogea tu. Bakuli la kwanza, lenye mfupa wa uboho, lilipandishwa ghorofa ya tatu. Bi Tabu alirudi baada ya nusu saa, bakuli tupu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ananyonya mpaka anapaliwa."

Mheshimiwa Lwambano alishuka mwisho. Kwa mara ya kwanza nilimwona bila tai. Alisimama mbali kidogo na sufuria, bakuli amelificha nyuma ya mgongo.

"Makame," akasema, "hiyo ni nyama ya mgeni."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na mgeni ameshaonja. Yuko mlango wa kumi, ana siku thelathini na tatu."

Akafikiri. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewapokea wageni wa kila aina, naamini alikuwa anamtafutia huyu nafasi yake katika itifaki. Mwishowe akalitoa bakuli nyuma ya mgongo, akaninyooshea.

Askari walifika masufuria hayajaoshwa. Sikukimbia, nilikuwa nimeshiba.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Askari anayenitazama ameniuliza mara mbili kama ile supu ilibaki, nami nimemjibu kwamba haikubaki hata ya kulamba. Shitaka nimesomewa leo asubuhi, nimesikia na nimeelewa: kwamba mimi, Makame Tindwa, kwa makusudi na kwa dharau, niliipika nyama ya Mkuu wa Nchi ikiwa bado nzuri.

Nakiri kosa. Ilikuwa nzuri sana.